Kusi Likishika: Kupanga Safari ya Tanga kutoka Dar hadi Unguja, Pemba na Tanga

Wenye boti za tanga pale Msasani wengi wanaijua bahari hadi Bongoyo na Mbudya, basi. Ikifika katikati ya mwaka mtu anafungua ramani, anaona Unguja pale, Pemba pale, Tanga pale, anajumlisha maili na kusema wiki moja inatosha. Kwa maili inatosha kweli. Alichosahau ni kwamba kuanzia Mei hadi Septemba upepo na mkondo vyote vinaelekea upande mmoja, kaskazini. Kwenda utakwenda kama umebebwa. Kurudi ndiko kwenye kazi, kwa hiyo mpango unaanzia huko.

Haya nayaandika kwa mwenye boti ya futi 26 hadi 40, yenye mashine inayoaminika, na watu watatu au wanne ambao wameshawahi kulala botini. Kama hamjawahi, nendeni kwanza mkalale Mbudya, mtie nanga upande wa magharibi wa kisiwa, mpike, mlale, muamke. Asubuhi mtakuwa mmeshajua nani anatapika, nani anakoroma, na ni mfuniko gani unaovuja.

Hatua ya 1: Amua utarudije

Kusi hupuliza kutoka kusini na kusini-mashariki, na kati ya Juni na Agosti ndipo linapokuwa na nguvu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki nao huelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unaongeza kasi. Nje ya visiwa unaweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa. Boti yako inakwenda maili 5 ikiwa imefurahi. Toa mwenyewe uone kinachobaki.

Kutoka Tanga hadi Msasani ni maili 100 na ushee kwa mstari ulionyooka, ila anayebisha dhidi ya upepo hana mstari ulionyooka. Anakata kushoto, anakata kulia, na maili 100 zinageuka 150. Hapo una njia tatu.

Unaweza kurudi kidogokidogo ukiambaa na bara. Usiku nchi kavu inapoa, na alfajiri hutoka upepo mwepesi wa umande kuja baharini, kusi likiwa bado limelala. Unang'oa nanga mara tu unapoanza kuona, unatembea kwa mashine na tanga kuu hadi saa 4 au 5 asubuhi kusi linapoamka, kisha unatafuta pa kujificha. Ukipata maili 20 kwa siku umefanya vizuri. Tatizo ni kwamba kati ya Tanga na Bagamoyo pwani iko wazi na maficho ni machache. Pangani mlango wake una fungu la mchanga, hauingiliki ila maji yakiwa yamejaa. Maziwe, kile kisiwa cha mchanga karibu na Pangani, hufunikwa kabisa maji yakijaa, kwa hiyo kinga yake inaisha pale pale unapoihitaji.

Au unaacha kwenda Tanga. Ukiishia Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kurudi ni maili 60 na kitu ndani ya mlango wa Zanzibar, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, na kisiwa cha Unguja chote kinakukinga na mawimbi ya bahari kuu. Kwa familia yenye watoto mimi ningeishia hapo bila kujadili.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya tatu: boti unaiacha Tanga, unapanda basi kurudi Dar, unaenda kuichukua Desemba au Januari kaskazi likiwa limeingia. Wapo watakaokucheka. Lakini majahazi ya pwani hii yaliishi kwa mtindo huo karne nyingi, kusi likiwapeleka Arabuni na kaskazi likiwarudisha. Unachohitaji ni mahali pa kufunga ndani ya ghuba ya Tanga na mtu wa kuaminika wa kulala botini au kuipitia kila siku. Mlipe kwa mwezi, wala usimbanebane.

Kama boti lazima irudi na una wiki mbili, gawa hivi: siku 5 za kwenda, 6 za kurudi, 3 za akiba. Siku za akiba zisiandikiwe kitu chochote, hata "kupumzika Kendwa".

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa mwezi

Wengi wanachagua tarehe kwa likizo ya kazini, halafu wanatafuta jedwali la maji wakiwa tayari wako njiani. Ifanye kinyume.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3 na nusu hivi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka sana. Kwa hiyo mgeni anadhani maji mafu ndiyo salama. Angalia saa kwanza. Siku za bamvua, Dar na Unguja maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maana yake saa 4 asubuhi kila kipwa na kila fungu limetoa mgongo nje na unaliona kwa macho. Kuanzia hapo maji yanapanda mchana kutwa, jua likiwa juu. Ukigusa mchanga saa 6 mchana, unangoja robo saa na bahari inakunyanyua. Siku za maji mafu mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa 4 asubuhi, miamba imefunikwa, na mchana wote yanapungua. Ukikwama saa 7, utakunywa chai hapo hadi usiku.

Saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mimi ningeondoka siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu: maji yanapwa asubuhi na kujaa alasiri kwa siku za mwanzo, na mwezi unachelewa kutoka kisha unabaki angani hadi alfajiri, saa ambazo utakuwa unajiandaa kuondoka. Kwa mfano wa mwaka 2026, mwezi unakuwa mpevu 28 Agosti. Kuondoka 29 au 30 Agosti kunakupa bamvua ya kwenda, na unaporudi katikati ya Septemba kusi limeanza kulegea.

Jifunze pia maji yanavyopanda ndani ya zile saa 6. Hayapandi sawasawa. Tuseme tofauti ni mita 3 na sentimita 60. Gawanya kwa 12, unapata sentimita 30. Saa ya kwanza yanapanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo katika saa mbili za katikati tu bahari inapanda mita 1 na sentimita 80, na hapo ndipo mkondo kwenye milango ya miamba unapokuwa mkali. Pita mlango mwembamba mwanzoni au mwishoni.

Usiende mapema kuliko Juni. Masika yanachafua anga, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kwa hiyo ile imani ya kwamba pwani yetu haina vimbunga haina pa kusimama tena.

Hatua ya 3: Soma ramani, kisha uliza watu

Nunua ramani ya karatasi ya mlango wa Zanzibar na ya Pemba, hata kama una ramani ndani ya simu. Kumbuka pwani hii ilianza kupimwa na Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza miaka ya 1820, kwa timazi na kamba, na tangu hapo mafungu ya mchanga yamehama na matumbawe yamekua. Kabla ya kuondoka pakua picha za satelaiti za kila mahali unapotaka kutia nanga, zifanye zifunguke bila intaneti. Mwamba unaonekana kama doa la kahawia, mchanga wa pima moja au mbili (pima ni kama futi 6) ni kijani cheupe, kilindi ni buluu nzito. Rangi hizo hizo utaziona ukiwa umesimama omoni, mbele kabisa ya boti, mradi jua liko juu au nyuma yako.

Maboya ya bandari zetu yanafuata mtindo wa Afrika na Ulaya: ukiingia bandarini, jekundu libaki kushoto na la kijani kulia. Taa zake usizitegemee usiku.

Halafu nenda kwa wavuvi wa Msasani au soko la samaki la Feri, ukatafute anayevua upande wa Nungwi au anayetoka Pemba. Kuna namna ya kuuliza. Ukisema, "Mzee, hapa naweza kupita?" utajibiwa, "Utapita, inshallah," kwa sababu ni utovu wa adabu kumkatisha tamaa mgeni. Badala yake, tuseme unauliza kuhusu kisiwa cha Tumbatu, kaskazini-magharibi mwa Unguja:

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, baba. Unasemaje?"

"Chombo changu hakipiti kwenye maji chini ya pima moja. Ingekuwa wewe, Tumbatu ungepita ndani au nje, na saa ngapi?"

"Pima moja? Mimi hata kukipeleka ndani sikipeleki. Pita nje, mkono wa magharibi, usiwe na haraka."

Ingekuwa wewe, saa ngapi. Maswali hayo mawili yanakupa ramani ambayo haiuzwi dukani. Mpe nauli yake mzee, na kama ana kijana anayeijua njia, mchukueni kwa malipo ya siku. Atawaokolea zaidi ya posho yake.

Hatua ya 4: Kata safari vipande vya mchana mmoja

Julai na Agosti jua Dar linachomoza kama saa 12 na nusu na kuzama kabla ya saa 1 jioni. Kwa hiyo una saa 12 za mwanga, si zaidi. Panga kila kipande kiwe maili 35 au pungufu, na ufike kabla ya saa 9 alasiri. Usiku kuna nyavu, ngalawa zisizo na taa, na wavuvi wa dagaa na karabai zao, hasa siku za giza.

Mbudya hadi Mji Mkongwe ni maili 30 hivi. Kusi liko nyuma yako, safari tamu. Angalia meli zinazongoja zamu nje ya bandari ya Dar, na zile boti za abiria za mwendokasi zinazotoka upeoni na kukufikia kabla hujamaliza kukunja tanga. Kipishe kisiwa cha Chumbe kwa mbali: mwamba wake wa magharibi ni hifadhi, hakuna kutia nanga. Mnara wake wa taa, wa mwaka 1904, ni alama nzuri. Maji ya karibu na hapo si ya mchezo kusi likiwa juu. Meli ya abiria MV Skagit ilizama huko 18 Julai 2012.

Mji Mkongwe hadi Kendwa, maili 30 nyingine, mkiambaa na pwani ya magharibi na kupita nje ya Tumbatu. Kendwa ina kinga nzuri ya kusi. Laleni hapo, na kama mna siku, nendeni Nungwi mkaone mafundi wanavyounda majahazi ufukweni.

Nungwi hadi Mkoani, Pemba, ndicho kipande cha kukiheshimu. Ni maili 30 tu, ila pengo hilo liko wazi kwa Bahari ya Hindi, na mawimbi ya kutoka mashariki hayana cha kuyazuia. MV Spice Islander ilizama hapo usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Fanya hesabu ya mkondo kabla ya kung'oa nanga: maili 30 kwa mwendo wa 5 ni saa 6. Mkondo ukiwa maili 2 kwa saa, katika saa hizo 6 utakuwa umekusogeza maili 12 kaskazini bila wewe kuhisi kitu. Ukielekeza omo Mkoani kwenyewe, utaishia kukitazama kisiwa cha Misali, kaskazini yake. Kwa hiyo lenga kusini zaidi, na kila saa moja weka alama kwenye ramani uone unateleza kiasi gani. Uzuri ni kwamba ukiikosa Mkoani, Misali iko maili 8 mbele na kinga yake inafaa. Ukiikosa na Misali, kuna pwani yote ya magharibi hadi Ras Kigomasha. Baada ya hapo ni Kenya.

Pemba haifanani na Unguja. Imezungukwa na kilindi. Mlango wake na bara una zaidi ya mita 700, na kina kinapanda ghafla kutoka giza hadi matumbawe. Huko nanga haitiwi kwa kubahatisha. Tafuta kiraka cha mchanga, shusha mtu na miwani ya kuogelea akahakikishe imeshika mchanga na haikuvunja tumbawe.

Misali hadi Tanga ni maili 30 kuelekea magharibi, mkondo ukikusukuma kulia. Ondoka na mwanga wa kwanza. Ukichelewa utaingia ghuba ya Tanga jua likiwa usoni, na rangi zote za maji nilizotaja hapo juu zitakuwa kioo kitupu.

Hatua ya 5: Karatasi

Bara wasimamizi wa usalama wa vyombo ni TASAC, na Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Hakikisha cheti cha boti na bima havijaisha, chukua orodha ya majina ya mliomo na vitambulisho vyenu, na mkifika Unguja ripotini bandarini Malindi kabla ya kutawanyika kwenda kula urojo. Mgeni asiye Mtanzania anatakiwa awe na bima ya Zanzibar, sheria iliyoanza Oktoba 2024. Misali ni hifadhi na ina ada yake, kama ilivyo Mbudya.

Hatua ya 6: Vitu vya kubeba

Chakula hakinisumbui: mchele, unga, maharage, vitunguu, ndimu, na samaki mtanunua njiani kwa bei ambayo Dar mmeisahau. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku 5 ni madumu manne ya lita 20, halafu mnajaza tena Unguja, Mkoani na Tanga. Yagawe kwenye madumu mengi madogo. Tangi moja likipata ufa mmekwisha.

Mafuta ya mashine bebeni kwa hesabu ya kurudi, wala si ya kwenda, na yachujeni kwa kitambaa mnapojaza.

Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na nanga mbili. Hapa wengi wanakosea hesabu kwa sababu wamezoea kina wanachokiona. Mkitia nanga saa 4 asubuhi kwenye mita 4 za maji siku ya bamvua, saa 10 alasiri zitakuwa mita 7 na nusu. Zidisha kwa 5: mnahitaji mnyororo na kamba ya mita 37 au 38, na nafasi ya kuzunguka pande zote bila kumgonga jirani. Mliokuwa mmetoa mita 20 mtaamka mkiwa mahali pengine.

Hatua ya 7: Mtu wa nchi kavu, na asubuhi yenyewe

Achia mtu mmoja Dar karatasi yenye rangi ya boti, majina yenu, vipande vyote na tarehe. Kubalianeni saa ya kupiga simu kila jioni, na saa ambayo asiposikia kitu atawaarifu wanaohusika na uokoaji baharini. Mtandao upo karibu na pwani nyingi, lakini katikati ya mlango wa Pemba unaweza kukatika, kwa hiyo redio ya baharini iwepo na kila mtu ajue kuita kwenye chaneli 16.

Jioni kabla ya kila kipande soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakiandika upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wengine hudhani ni maneno ya kila siku kwa sababu kusi huja nayo mara kwa mara. Ndani ya mlango wa Zanzibar, kwa boti nzuri iliyopunguza tanga, hali hiyo inavumilika mkielekea kaskazini. Kuvuka Nungwi kwenda Pemba, hapana. Mnangoja.

Asubuhi amkeni saa 11, msipandishe tanga bado. Mtu mmoja asimame nje dakika kumi ausikilize upepo. Ukiwa tayari unapiga miluzi kwenye kamba za mlingoti kabla ya jua kuchomoza, mchana utakuwa mara mbili ya hapo: rudini mkalale, na siku hiyo itolewe kwenye zile tatu za akiba.